Usimtie Paka Mchanga Dawa ya Macho Yako

Wanachuo wenzangu, kabla ya yote niseme wazi: mimi sisomi udaktari wa mifugo. Nasoma uchumi kilimo, mwaka wa pili, na hata huko nina sapu moja inanisubiri. Ninayoyaandika hapa nimefundishwa na mwenzangu wa chumbani anayesoma mifugo mwaka wa nne (tunamwita Dokta, yeye anajifanya hapendi), na daktari wa zamu katika hospitali ya wanyama hapa Morogoro, na paka mmoja mwenye chongo. Somo la huyo wa mwisho ndilo lililoniuma zaidi, maana chongo lile nimelisababisha mimi.

Ilikuwa muhula uliopita. Chini ya ngazi za hosteli, pale panaporundikwa magodoro mabovu, yule paka wa kijivu tunayemfahamu sote kwa wizi wa samaki alizaa watoto wanne ndani ya katoni la karatasi za fotokopi. Wiki hiyohiyo bumu lilikuwa limetoka, basi mkubwa wao akaitwa Bumu. Mdogo kupita wote akaitwa Sapu. Wale wawili wa kati walikuwa wazima na wanafanana kama mapacha, wakabaki bila majina.

Paka huzaliwa kope zake zimefumba. Huo si ugonjwa, ndivyo walivyo. Kope huanza kuachana kati ya siku ya 7 na ya 14, zikianzia kwenye pembe ya ndani karibu na pua, na mara nyingi jicho moja hutangulia jingine kwa siku moja au mbili. Humsaidii kwa kuzivuta. Zikifunguka, utaona macho ya bluu yenye ukungu kidogo, ambao huondoka wenyewe baada ya muda mfupi. Bluu ndiyo hubaki. Kila mtoto wa paka huanza na bluu kwa sababu rangi bado haijajijenga kwenye ile duara inayoizunguka mboni. Rangi atakayokaa nayo ukubwani huanza kujitokeza kwenye wiki ya 6 au ya 7. Ishike habari ya ubluu huu, nitairudia kwa aibu.

Siku ya kumi hivi, macho ya Bumu na wale wawili yalikuwa yameanza kufunguka. Sapu alikuwa bado. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba chini ya kope iliyofumba, limetuna kama punje ya maharage. Mimi nikasema ah, ni mdogo, atafunguka tu. Dokta alipomwangalia hakusema atafunguka tu. Alikwenda kunawa mikono.

Kumbe kope zilizofumba zinaweza kufungia uchafu ndani. Vijidudu huingia wakati wa kuzaliwa au kutoka kwa mama mwenye mafua, usaha unajaa nyuma ya kope, hauna pa kutokea, unabaki unakandamiza na kuoza jicho ambalo halijawahi kuona mwanga. Kwa hiyo ule uvimbe, au tone la usaha linalochungulia kwenye pembe ya ndani, ndiyo hali ambayo kope hazingojewi zifunguke zenyewe. Hapo ni kwenda kwa daktari siku ileile. Sisi daktari wetu mtarajiwa tulikuwa tunalala naye chumba kimoja, naye alimpigia simu mwalimu wake kwanza kabla ya kugusa kitu.

Alichemsha maji kwenye birika la umeme (ambalo haliruhusiwi hosteli, lakini tuendelee), akayaacha yapoe mpaka yakawa vuguvugu. Alijaribu kwa kudondosha kwenye mshipa wa mkono, kama wanavyofanya kina mama na maziwa ya mtoto. Akachana kipande cha kitenge kisafi, kwa sababu pamba huacha nyuzi jichoni. Akamviringisha Sapu kwenye kanga, kichwa tu nje, kisha akakiweka kile kitambaa chenye maji juu ya jicho na kutulia. Nilidhani ataanza kufungua. Alikaa dakika tano hivi, akichovya na kuweka, akichovya na kuweka. Ndipo akaipangusa kope taratibu kutoka puani kwenda nje, na mstari ukaachia wenyewe. Usaha uliotoka sikuutegemea kwa kiumbe mwenye uzito wa simu.

Akasafisha, akatia dawa. Alitumia tetrasaiklini ya macho ya asilimia 1 aliyoelekezwa na mwalimu wake: mstari mdogo kama punje ya mchele ndani ya kope ya chini, ncha ya tyubu isiguse jicho, mara nne kwa siku. Akamrudisha kwa mama yake papo hapo. Hili la kumrudisha ni kubwa kuliko linavyosikika. Mtoto wa umri ule hawezi kujipasha joto mwenyewe. Akikaa nje ya katoni nusu saa huku mnampiga picha, mnaweza kuliokoa jicho mkampoteza paka.

Tyubu ile niliijua kabla ya Dokta kuzaliwa kitaaluma. Mimi nimekulia Kongwa, Dodoma, na wa huko mnaelewa nikisema vikope. Bibi yangu kope zake zilikuwa zimejikunja kwa ndani, akawa anang'oa nywele kwa kibano ili zisimkwaruze jicho. Sisi watoto tulifundishwa shuleni kunawa uso tangu darasa la kwanza, na dawa ya tetrasaiklini ilikaa kwenye kabati la bibi pamoja na viberiti. Bakteria wa vikope na mmojawapo wa bakteria wanaoharibu macho ya paka ni ndugu: wa binadamu ni klamidia wa aina yake, na wa paka ni klamidia wa paka. Kwa hiyo nilijiona mwenyeji kwenye habari hizi. Niliamini kwamba macho ninayajua, na dawa ya macho ni dawa ya macho.

Sapu alipona. Jicho likafunguka vizuri, bluu kama ya wenzake. Dokta akaenda fildi wiki sita, akaniachia zamu.

Wiki ya nne wote wanne wakaanza kupiga chafya. Niliuliza kila mtu nimewakosea nini. Daktari wa hospitali alinieleza baadaye, na maelezo yake yaliniondolea lawama hiyo moja. Paka wengi hubeba kirusi cha mafua ya paka kutoka jamii ya hapesi. Akishakipata hakimtoki, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu na kuibuka anapochoka au kuhangaika. Kuzaa na kunyonyesha ni uchovu tosha, basi mama anaanza kukitoa upya, huku kinga aliyowapa watoto kwenye maziwa nayo ikipungua wakati huohuo. Ndiyo maana wiki ya nne hadi ya sita inakuwa msimu wa chafya na matongotongo. Kirusi hicho hakimwambukizi binadamu, ila kinapenda sana kioo cha jicho la paka. Kioo nasema konea, ule utando angavu wa mbele ambao hata kwa paka mkubwa haufiki unene wa milimita moja.

Wale wawili wa kati walipangwa foleni, nikawasafisha macho kwa maji vuguvugu asubuhi na jioni. Sapu vilevile. Bumu ndiye aliyezidiwa: jicho la kulia akilibana, tongotongo limegeuka kijani, analala ameupa mwanga kisogo. Tyubu ilikuwa imeisha. Mama wa mgahawani akaniambia, "Mwanangu, tafuta mama anayenyonyesha, akukamulie tone la ziwa." Mwingine akasema chai ya rangi. Nikawacheka wote wawili, mimi msomi, nikapanda chumbani nikachukua dawa yangu mwenyewe.

Ilikuwa chupa ya matone niliyopewa miezi miwili nyuma, macho yangu yalipowasha na kuwa mekundu kwa vumbi. Ilinisaidia sana mimi. Nikamtia Bumu tone moja, mara tatu kwa siku.

Na ikafanya kazi! Hapo ndipo penye mtego, ndiyo maana naandika makala hii. Siku ya pili wekundu ulipungua. Siku ya tatu uvimbe wa kope ulishuka, nikampigia Dokta video nikijisifu. Mtandao ulikuwa mbovu, akaona paka tu. Niliona jicho limekuwa la bluu zaidi kuliko la pili, bluu ya maziwa, nikajiambia si nimesoma kwamba macho yao ni ya bluu?

Siku ya nne usiku Dokta akanipigia mwenyewe. "Hebu nisomee ile chupa imeandikwaje." Nikasoma jina la kwanza, antibayotiki, akasema endelea. Nikasoma la pili: dexamethasone. Alinyamaza kiasi kwamba nilidhani vocha imekata. Kisha akasema, "Kaka, usimtie tena hata tone. Kesho saa moja uwe hospitali."

Deksamethasoni ni steroidi. Kazi yake ni kuzima uvimbe, na inaizima kweli. Lakini ule uvimbe na wekundu ni askari wa mwili wako wakiwa kazini. Ukiwatuliza askari wakati mwizi bado yumo ndani, nyumba inakuwa kimya na mwizi anaendelea kubeba. Kirusi cha hapesi kilikuwa kimemchimba Bumu kidonda kwenye konea. Steroidi ikakipa nafasi ya kuzaliana, ikazuia kidonda kisifunge, na kwa kuwa jicho halikuwa jekundu, mimi nikapiga makofi.

Hospitalini daktari alimdondoshea rangi ya machungwa inayoitwa fluoresini, akaisuuza, akazima taa na kumulika kwa mwanga wa bluu. Konea nzima haishiki rangi ile. Penye kidonda hushika na kung'aa kijani. Jicho la Bumu lilikuwa na doa la kijani linalozidi nusu ya kioo chote. Mwanafunzi aliyekuwa anamshikia daktari tochi alisema "duh", akaangaliwa.

Nikamuuliza daktari kuhusu ubluu. Hakunicheka. Alimchukua Sapu, akamulika jicho lake kwa pembeni, akaniambia nitazame. Bluu ya kawaida iko ndani, kwenye duara, na mbele yake kioo ni safi kiasi kwamba mboni nyeusi unaiona kama kitone cha wino. Akamulika la Bumu. Pale bluu ilikuwa juu ya kioo chenyewe, kama dirisha la daladala asubuhi ya mvua, na mboni huioni. Sekunde kumi tu za tochi ya simu. Ningeweza kulifanya jambo lile siku ya kwanza.

Walimpa matone ya antibayotiki yasiyo na steroidi, kila saa mbili mchana na usiku, na kola ya kumzuia asijikune tuliyoikata kwenye jalada la plastiki la faili langu la fildi. Niliweka alamu. Nilikosa vipindi viwili vya asubuhi na sijutii. Siku ya tano nilimkuta jicho limetoboka. Maji yametoka, na kitu cha kahawia kimeziba tundu. Alipasuliwa kesho yake, jicho likaondolewa. Paka mdogo hivyo hafungishwi njaa muda mrefu kabla ya nusukaputi, maana sukari ya damu inashuka haraka, basi nilikaa naye kwenye benchi nikimlisha mpaka saa tuliyoambiwa. Tulichangishana chumba kwa chumba kulipa. Jirani yetu mmoja alitoa hela ya chakula chake cha siku mbili, akasema amekoma kuwa karibu na wenye huruma.

Kwa hiyo hesabu yangu imekaa hivi: Sapu, aliyeanza na usaha nyuma ya kope, ana macho yote mawili. Bumu, aliyefungua macho akiwa mzima, ana moja. Sapu alipata maji vuguvugu na dawa iliyoelekezwa na mtu anayejua. Bumu alipata dawa ya kisasa kutoka kwa mtu anayempenda.

Sasa basi, kama kuna paka chini ya ngazi za hosteli yako, na najua wapo. Soma boksi. Steroidi kwenye lebo huandikwa kwa Kiingereza, na nyingi mwisho wa jina unazitambulisha: dexamethasone, betamethasone, hydrocortisone, prednisolone. Ukiona "sone" au "lone", rudisha kabatini. Daktari anaweza kuiandika akishalipima jicho kwa ile rangi, lakini hiyo ni kazi yake. Na paracetamoli usiikaribishe kabisa, hata robo ya kidonge, inamuua paka. Nasema hivyo kwa sababu usiku wa alamu nilishakata robo tayari, nikaamua kumuuliza Dokta kwanza. Wakati ule nilikuwa nimejifunza kuuliza.

Unachoweza kufanya mwenyewe bila kumdhuru ni kusafisha. Maji yaliyochemshwa yakapoa, au maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 kutoka famasi. Kitambaa kipya kwa kila jicho, tena kwa kila mpanguso kama tongotongo ni jingi. Lililoganda liloweshe, usilibandue kavu. Anza na wazima, malizia na mgonjwa, na unawe mikono katikati, maana ukikosa kunawa wewe ndiye unakuwa nzi wa vikope. Ukimaliza unawe tena kwa ajili yako: klamidia wa paka, kwa nadra, humpa binadamu macho mekundu, na kitu cha mwisho unachotaka wiki ya UE ni hicho. Maziwa, chai, asali, mate, kitunguu, vyote viache jikoni. Maziwa hasa ni chakula cha bakteria.

Tongotongo kidogo la kahawia asubuhi, paka anacheza, jicho limefunguka wazi: safisha, tazama tena jioni. Lakini akilibana jicho, akikimbia mwanga, tongotongo likiwa la njano au kijani, utando wa ndani ukionekana umepanda kutoka pembe ya puani, au kioo kikiwa na ukungu, usingoje kesho kutwa. Kwenye jicho la mnyama wa gramu mia nne, kesho kutwa ni mbali.

Tazama pia kama anakula. Paka hula kwa kunusa; pua ikiziba anaona chakula hakipo. Bumu nilimrudishia hamu kwa supu ya dagaa isiyo na chumvi, ya moto kiasi, inayonuka mpaka koridoni (malalamiko nimeyapokea). Na kama unaweza kuazima mzani, pima. Mimi niliazima wa maabara ya udongo kwa kisingizio nisichokiandika hapa. Mtoto wa paka anayeendelea vizuri huongeza kama gramu 10 au zaidi kila siku; siku mbili bila kuongezeka ni habari, hata kama macho ni masafi.

Halafu chanjo. Ile ya mafua ya paka huanza kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16 hivi. Haizuii kila chafya, lakini ugonjwa unakuja mwepesi. Sapu na Bumu wamemaliza. Wale wawili wa kati walichukuliwa na dada wa steshenari, naye ameapa kuwapeleka, nitamfuatilia.

Bumu sasa ana miezi mitano. Akiruka kitandani hupima mara mbili, akigeuza kichwa kidogo kulia, kisha anatua palepale alipokusudia. Hanichukii, jambo ambalo Dokta anasema halina maana yoyote kisayansi. Mama yao naye ameshapata mimba nyingine, kwa sababu paka anaweza kushika mimba hata kabla hajaacha kunyonyesha, na sisi tulichelewa kuchangishana hela ya kumfunga uzazi. Hii itakuwa ya mwisho, daktari ametupa tarehe baada ya watoto kuacha ziwa. Katoni jipya liko chini ya ngazi, tyubu aliyoiandika daktari iko kwa Dokta, na tochi ya simu nimeichaji. Wakizaliwa, kuanzia siku ya saba nitakuwa pale kila asubuhi kabla ya kipindi.